Onja kimea kwanza, pombe baadaye

KATIKA baa za Marekani na Uingereza zipo bia za viwanda vidogo ambazo mteja hulipia fedha nyingi kwa sababu ya ladha tu. Mojawapo ni bia chungu ya aina ya India Pale Ale inayopikwa kwa kuchanganya shayiri na rai, nafaka ya jamii ya ngano. Uchungu wake hutoka kwenye maua ya hopu, wakati rai huongeza ukali kidogo kama wa pilipili manga.

Mpika pombe wa Mishamo, mkoani Katavi, hana rai wala hopu. Hata hivyo, msingi wa bia hiyo na wa pombe ya mtama ni mmoja, nao ni kimea.

Makazi ya Mishamo yalianzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Wengi wao walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Kwa Kirundi pombe ya mtama huitwa impeke na ya ndizi urwarwa, na hata hiyo ya ndizi hutiwa unga wa mtama uliokaangwa.

Hasara iko wapi?

Hopu huipa bia uchungu na pia huisaidia isiharibike haraka. Pombe ya mtama haina kinga hiyo. Huendelea kuchachuka hata baada ya kuiva, na baada ya siku mbili tatu huwa chachu mno. Mvua ikinyesha siku ya mauzo, wateja wasipotokea, nafaka, kuni na jasho la mama mpishi vyote humwagwa.

Kimea kikavu, kwa upande wake, hukaa miezi kadhaa kikihifadhiwa vizuri. Mkulima anayekiuza anaweza kusubiri mteja.

Namna ya kukitengeneza

Anza na mtama au ulezi wa msimu huu, usiotiwa dawa ya kuhifadhia. Otesha punje 100 kwanza. Zikiota chini ya 90, tafuta nafaka nyingine. Loweka kwa saa 12 hadi 24 huku ukibadilisha maji, kisha tandaza kwenye magunia safi yenye unyevu kwa siku tatu au nne, ukigeuza mara kwa mara.

Zikishaota, anika kwenye turubai hadi zikauke kabisa, halafu pukuchua mizizi na vichipukizi na kuvitupa, kwani vichipukizi vya mtama vina sumu. Kimea chenye ukungu kisitumike kabisa, maana kinaweza kuwa na sumukuvu.

Sasa onja. Kimea kizuri humenyeka kirahisi, huvunjika kwa mlio na kuacha utamu ulimini, kwa sababu wanga umeanza kugeuka sukari. Kikiwa na ladha ya unga mtupu, hakikuota vya kutosha. Kikinuka uvundo, kitupe.

Soko lisiwe moja

Mwaka 2002 kampuni ya Nile Breweries ya Uganda ilianza kuuza bia ya mtama iitwayo Eagle Lager, wakulima wakapata soko. Lakini nchini Kenya, ushuru wa bia ya Senator Keg ulipopandishwa mwaka 2013, mauzo yalishuka na wakulima wa mtama wakabaki na mzigo.

Kimea kina wateja zaidi ya mmoja. Mbali na wapika pombe, akina mama hukitumia kulainisha uji wa watoto, ambao ni lazima uchemshwe vizuri.

Kabla ya kupanga bei, pima nafaka kabla ya kuloweka, kisha pima kimea kikavu, kwani uzito hupungua. Bei ya kilo lazima ifidie upungufu huo na kazi ya wiki nzima. Naye anayeuza pombe yenyewe akumbuke leseni, kwani biashara haba na haba hujaza kibaba, lakini faini moja hukimwaga.