Kapeti ya gari imelowa na hakujanyesha? Chungulia chini kabla hujamlipa fundi

UMEWAHI kubeba mtu kwa gari akashuka viatu vikiwa vimelowa, na nje jua linawaka?

Mimi yalinipata Januari, hapa Mombasa. Nilimbeba mama mmoja kutoka sokoni Kongowea. Aliketi mbele kwa sababu nyuma kulijaa magunia yake. Tulipokaribia Bamburi akainua mguu, akatazama ncha ya leso yake. Imelowa chepechepe. Akaniuliza, "Mwanangu, hili gari lako lina kisima?"

Nilicheka, lakini moyoni nilijua hii ni noma. Gari lenyewe si langu, ni la binamu yangu. Nililichukua nilipoacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kugoma, nikaingia kwa teksi za app. Kila Jumamosi lazima nimpe hesabu yake. Abiria wakianza kulalamika kuhusu harufu na maji, nyota zinashuka, na nyota zikishuka hakuna hesabu.

Nikakimbia gereji. Fundi akainama, akabonyeza kapeti kwa kidole, akaniambia, "Buda, evaporeta imekufa. Leta elfu kumi na nane, na gesi mpya juu." Hata kufungua kitu hakufungua. Sikuwa na hizo doo, nikamwambia nitarudi.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja wa teksi pale tunapoegesha. Aliniuliza swali moja tu: "Kijana, gari lako bado linakojoa?"

Usicheke, swali hilo ndilo la maana. Unajua vile soda ya baridi ikiwekwa juu ya kaunta inatoka jasho? Ndani ya dashibodi kuna kitu kinachofanya hivyo hivyo. Hiyo ndiyo evaporeta, sehemu inayopoza hewa ya AC. Hewa yenye unyevu ikiigusa, maji yanajikusanya na kudondoka kwenye kisanduku chake. Chini ya kisanduku kuna tundu lenye paipu fupi ya mpira inayotoa maji hadi chini ya gari. Ndiyo maana gari zima likiegeshwa na AC inafanya kazi, huacha kidimbwi kidogo. Hayo ni maji tu, usishtuke.

Shida inakuja vumbi, vipande vya majani na ukungu vinapoziba paipu. Maji yanajaa kisandukuni, yanafurika na kumwagikia miguuni pa abiria wa mbele, kwa sababu katika magari yetu mengi evaporeta iko nyuma ya kisanduku cha glavu, upande wa kushoto. AC inaendelea kupoza vizuri, ndiyo maana hushtuki mapema. Dalili nyingine ni sauti ya maji yakicheza ndani ya dashibodi ukikata kona au ukifunga breki, harufu ya ukungu, na vioo kuingia mvuke kila mara.

Kwa hivyo jipimie mwenyewe. Egesha nje, pahali pakavu, washa AC baridi kabisa kwa dakika 15, kisha chungulia chini. Huku Pwani matone hayachelewi. Ukiwa Nairobi asubuhi ya baridi yanaweza kuwa machache, basi jaribu mchana. Chini kukiwa kukavu na kapeti imelowa, mshukiwa wa kwanza ni paipu.

Lakini gusa hayo maji kwanza. Yakiwa na rangi, yanateleza na yananukia utamu, hayo ni ya kupoza injini na yanavuja kutoka kwa hita. Hapo mwone fundi haraka. Na kama kapeti inalowa siku za mvua pekee, tafuta tatizo kwenye raba za milango au chini ya kioo cha mbele.

Mimi nilifanya hivi. Nilizima injini nikaiacha ipoe. Nikavuta handibreki, nikainua gari kwa jeki na kuliweka juu ya stendi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee, wala matofali. Katika magari mengine huhitaji hata kulala chini, unaifikia paipu kutoka kwa boneti, kwenye ukuta wa nyuma wa injini. Tafuta mpira mfupi unaoelekea chini, upande wa abiria. Ukiona paipu ya chuma, achana nayo, hiyo ni ya gesi.

Nikauminya mdomo wa mpira, tope likatoka. Kisha nikaingiza mshipi mnene wa kuvulia samaki, polepole, nikiuzungusha. Usitumie waya wa henga. Ukitoboa evaporeta, ile elfu kumi na nane utailipa kweli. Pia usipulize upepo wa kompresa kwa nguvu zote, unaweza kung'oa mpira au kurusha uchafu ndani.

Na funga mdomo. Mimi sikufunga. Maji meusi kama chai ya rangi yaliniporomokea usoni.

Kazi haijaisha hapo. Chini ya kapeti kuna sponji inayofyonza maji na kuyaficha. Juu unaweza kuona pamekauka, kumbe chini kumelowa, na hapo ndipo ukungu na kutu huanzia, bila kusahau nyaya za umeme zinazopita sakafuni. Toa mikeka, inua kapeti, kamua kwa taulo, kisha acha milango wazi juani. Yangu ilichukua siku mbili. Hizo siku mbili sikufanya kazi, na nilimweleza binamu ukweli.

Sasa ninabadilisha filta ya hewa ya ndani ikichafuka, na ninaokota majani chini ya kioo cha mbele kwa sababu ninaegesha chini ya mwembe. Dakika chache kabla ya kufika nyumbani ninazima AC na kuacha feni ikipuliza, ili evaporeta ikauke.

Mshipi niliununua Sh50. Yule fundi bado tunasalimiana, ila siku hizi akiniambia kitu kimekufa, ninamwomba kwanza anionyeshe maiti.