Umeme Ukirudi, Anza na Nini?

Vitabu vya ushauri kuhusu kazi karibu vyote huanzia mahali pamoja: amka saa kumi na moja alfajiri, gawa siku yako nusu saa kwa nusu saa, kila nusu saa na shughuli yake. Walioviandika wakibonyeza swichi, taa inawaka. Hapa Kisangani, Kongo, swichi ni majaliwa. Kituo cha umeme cha mto Tshopo, kilichojengwa na Wabelgiji miaka ya 1950, kina mitambo mitatu tu, na si kila siku yote mitatu inazunguka, ilhali mji umetanuka mno tangu enzi zile ulipoitwa Stanleyville. SNEL, shirika la umeme la taifa, inagawa kidogo kilichopo kwa delestaji, yaani kukata umeme kwa zamu: leo mtaa wa Makiso wanawaka, wa Mangobo giza, kesho kinyume chake, au giza kwa wote. Anayepanga siku yake kwa saa hapa hupangua kila siku, na baada ya wiki mbili anajihesabu mvivu. Uvivu haumo. Ameazima kipimo cha watu wengine.

Ninachowaambia wanaonijia kwa shauri ni hiki: kazi ipange kwa kile inachohitaji, na tabia ifunge kwenye tukio, si kwenye saa.

Jambo hili lina msingi wa utafiti. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliandika mwaka 1999 kuhusu nguvu ya mipango ya aina ya “likitokea hili, nitafanya lile”. Mwaka 2006, yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 yaliyopima mipango hiyo, wakakuta kwamba walioamua mapema watafanya nini, lini na wapi walitimiza malengo yao kwa kiasi kikubwa kuliko waliokuwa na nia njema tu. Sababu yake ni nyepesi: uamuzi umeshafanyika, kwa hiyo tukio lenyewe ndilo linalokuamsha. Tukio hilo linaweza kuwa adhana, kengele ya kanisa, mtoto kurudi shule, au taa kuwaka ghafla saa nne usiku.

Tuanze na hiyo taa, maana ndiyo inayokula kazi nyingi zaidi mjini. Umeme ukirudi, nyumba nzima hukimbilia soketi: simu tano, pasi, friji, televisheni. Baada ya saa moja umekatika tena, na kompyuta iliyokuwa na barua ya kumalizia haikuguswa. Dawa yake ni karatasi mbili. Ya kwanza ina kazi zisizoweza kufanyika bila umeme. Ya pili ina zile zinazoweza. Utashangaa ya kwanza ilivyo fupi. Mshonaji anakata kitambaa, anapiga bandi na kushona vifungo bila kumtegemea mtu, na cherehani ya miguu haijui SNEL ni nani. Kinachongoja umeme kwake ni pasi tu. Mwanafunzi wa UNIKIS, chuo kikuu cha hapa, anayeandika tasnifu anaweza kuandika sura nzima kwa kalamu, akaisahihisha kwa kalamu, akaacha kuchapa tu. Akienda sekretaria, duka la kuchapishia, akiwa na karatasi zilizokamilika, anachapisha na kuondoka. Akienda kutunga huko huko mbele ya kompyuta, analipia dakika za kuwaza, tena kwa mlio wa jenereta masikioni.

Karatasi ya kwanza ibandike ukutani juu ya soketi, ikiwa na mpangilio wake: kompyuta kwanza, kisha kupampu maji kama una tangi, simu mwisho. Simu inachajiwa popote, hata kwenye kibanda cha jirani mwenye sola. Na watu wa nyumbani waujue mpangilio huo kabla giza halijaingia. Kugombea soketi taa ikiwa imeshawaka ni kuchelewa.

Wagenia, wavuvi wa pale kwenye maporomoko ya mto Kongo, wana utaratibu ambao wageni hupiga picha bila kuuelewa. Wanasimika magogo katikati ya maji makali, wanafunga vikapu vikubwa, halafu wanaondoka. Vikapu hukaguliwa mara mbili kwa siku. Katikati ya hizo mara mbili mto unafanya kazi na mvuvi ana shughuli nyingine. Nadhani hapa pana somo kubwa kuliko kwenye programu nyingi za simu. Kazi zetu nyingi zina sehemu inayojiendesha yenyewe: maharage jikoni, faili lililo mezani kwa mkuu wa ofisi, mzigo uliopakiwa Kinshasa na unaopanda mto kilomita zaidi ya 1,700 kwa majuma kadhaa. Hizo ndizo za kuanzisha kwanza asubuhi, hata kabla ya kazi unayoipenda, ili ziwe zinakwenda wakati wewe uko kwingine. Kisha zikague mara mbili, mchana na jioni. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunaanzisha jioni, halafu tunapiga simu kila baada ya nusu saa kuuliza imefika wapi. WhatsApp nayo iingie katika utaratibu huo huo; sina la kuongeza juu yake.

Kuna saa moja mjini isiyokatika, nayo ni jua. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima kunakucha saa kumi na mbili hivi. Asubuhi kuna ubaridi. Mchana joto linabana, na mara nyingi mvua kubwa huangukia alasiri. Zaidi ya hapo, sisi tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Tukifungua ofisi saa mbili, wakubwa wa huko bado wako saa moja, wengine ndiyo kwanza wanatafuta usafiri. Ile saa ya kwanza ambayo hakuna simu ya makao makuu ni zawadi. Hesabu, ripoti, barua ngumu: zote ziweke humo.

Ila ushauri huu wa kuiachia asubuhi kazi za kichwa una ubaguzi ndani yake. Mama anayevuka kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa mtumbwi kuleta bidhaa sokoni, na kabla ya hapo ameteka maji na kupika, hana asubuhi ya kugawa. Kumwambia aamke mapema zaidi ni kumtania. Kwake tabia yenye faida si ya kwake peke yake: nani mwingine nyumbani anateka maji, na siku zipi. Tija ya mtu mmoja mara nyingi ni jasho la mwingine, na kaya isiyolizungumza hilo haiongezi chochote, inahamisha tu.

Kuhusu kukadiria muda wa kazi nitasema kwa ufupi. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa Kanada waliokuwa wakimalizia tasnifu. Kwa wastani walikadiria siku 34 hivi. Ilichukua zaidi ya 55. Hao hawana delestaji wala pikipiki iliyokwama kwenye tope. Basi usijiulize kazi itachukua siku ngapi. Jiulize ile iliyopita ilichukua ngapi, uandike hiyo.

Na usikate tamaa mapema. Phillippa Lally wa chuo kikuu cha UCL, London, aliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Katika matokeo yaliyochapishwa 2010, muda wa kati hadi tabia kuwa ya kawaida ulikuwa siku 66, lakini kati ya mtu na mtu ulitofautiana kutoka 18 hadi 254. Lililo muhimu kwetu ni jingine: kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hapa siku zitarukwa tu. Kutakuwa na matanga ya siku tatu, malaria ya mtoto, mgeni kutoka Buta ambaye hakupiga simu. Mgeni apokewe. Karatasi iko ukutani, utaikuta kesho yake.

Kinachowasaidia wengi kuvumilia siku hizo zote ni likelemba, ule mchango wa zamu wa marafiki, ila si ya pesa. Chukua watu watatu wanaoaminiana. Kila Jumapili baada ya ibada kila mmoja ataje kazi moja atakayoimaliza wiki hiyo, na Jumapili ifuatayo aulizwe. Kama vile katika likelemba ya franga, aibu ya kufika mikono mitupu inafanya kazi ambayo kengele ya simu haiiwezi. Wasizidi watatu. Wakifika kumi watachagua mwenyekiti, mhazini na sare ya kitenge, na kazi haitatajwa tena.