Karatasi za Nota za Zamani na Thamani Yake

Katika mtaa wa Mabanga mjini Goma, ambako jioni haipiti bila korali moja au mbili kufanya mazoezi ya nyimbo za Jumapili, aghalabu utamkuta mwongozi ameshika karatasi iliyofifia, yenye herufi za d, r, m, f zilizotengwa kwa nukta mbili na vistari vya wima, ambayo aliirithi kwa mwongozi aliyemtangulia, naye kwa mwingine. Wengi huihesabu kuwa chombo cha kazi tu, cha kutupwa kikichakaa. Mimi nashika rai nyingine: karatasi hiyo ni hati ya tarehe ya nchi, na mara nyingi ni nadra kuliko kurasa za Ulaya na Marekani, zenye picha za kupendeza, ambazo wakusanyaji wa vitu vya kale huzigombea kwa fedha nyingi.

Kurasa hizo za ng'ambo zina asili yake. Mwaka 1501, mjini Venice, Ottaviano Petrucci alitoa kitabu cha kwanza cha nyimbo za sauti nyingi kilichopigwa chapa kwa herufi za kupangwa. Baadaye mafundi wakachora nota juu ya bamba za madini, na mwishoni mwa karne ya 18 Alois Senefelder akabuni upigaji chapa wa mawe. Kabla ya santuri na redio, aliyeupenda wimbo alinunua karatasi yake, akaupiga mwenyewe nyumbani kwa piano. Ndiyo maana wimbo wa Charles K. Harris uitwao "After the Ball", wa mwaka 1892, uliuzwa kwa nakala za mamilioni, na wimbo wa vita wa George M. Cohan, "Over There", wa mwaka 1917, ukawafikia Wamarekani kwa karatasi kama ulivyowafikia kwa sauti. Kurasa za namna hiyo mara nyingi hujulikana umri wake kwa namba ya bamba, iliyoandikwa kwa tarakimu ndogo chini ya ukurasa, na kwa anwani ya matbaa, kwa kuwa matbaa zilihamahama.

Kwetu piano haikuingia majumbani, na wimbo wa mapenzi au wa dansi ulisafiri kwa santuri. Joseph Kabasele na African Jazz walipouimba "Indépendance Cha Cha" mjini Brussels mwaka 1960, wakati wa mazungumzo ya uhuru, Kongo nzima iliupokea kwa redio na gramafoni, si kwa nota. Basi anayetafuta rumba ya kale katika karatasi atachoka bure. Karatasi ilibaki kwa wawili tu, kanisa na serikali.

Kanisa lilileta solfa, zile herufi za d, r, m, f. Maandishi haya yalianzishwa huko Norwich, Uingereza, na mwalimu Sarah Glover, kisha yakatengenezwa na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19 ili maskini wasioweza kulipia mafunzo ya muziki waweze kuimba kwa sauti nne. Herufi saba zatosha. Nukta mbili hutenga pigo na pigo, kistari cha mlazo hurefusha sauti, na alama ndogo iliyowekwa juu au chini ya herufi huipandisha au huishusha daraja moja zima. Fadhila yake kubwa, ambayo wataalamu wa nota za mistari mitano huidharau, ni kwamba karibu yote huweza kupigwa kwa taipu: misheni yenye taipureta na mashine ya stensili iliweza kuwa matbaa ya muziki bila fundi wa bamba wala mashine ya mawe. Kwa solfa hiyo hiyo Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliutunga mwaka 1897 wimbo ambao lahani yake ndiyo leo wimbo wa taifa wa Tanzania na wa Zambia. Angalia basi jinsi herufi chache za mwalimu wa shule zilivyoweza kubeba dola mbili!

Kwetu Kongo yupo Joseph Kiwele wa Katanga, mtunzi aliyesomea muziki kwa mapadre, aliyetunga misa kwa mtindo wa Kikatanga na, Katanga ilipojitenga mwaka 1960, akatoa lahani ya wimbo wake wa taifa. Kwake nota zilitangulia sauti. Kinyume chake ni "Missa Luba" ya Kamina, iliyoimbwa na Les Troubadours du Roi Baudouin chini ya padre Guido Haazen na kurekodiwa mwaka 1958: waimbaji walibuni sehemu kubwa papo hapo, na nota ziliandikwa baadaye kwa kuisikiliza santuri. Hivyo anayeinunua karatasi ya misa hiyo hununua ushahidi wa siku moja ya uimbaji, na akiifuata kama sheria ataimba kilichokauka. Nadhani tofauti hii ndiyo swali la kwanza la kuuliza mbele ya karatasi yoyote ya kale: je, imezaa wimbo, au imezaliwa na wimbo?

Swali la pili ni umri, na hapa historia yetu yenye misukosuko yatufaa. Jina Costermansville badala ya Bukavu huonyesha enzi ya Wabelgiji. Léopoldville na Elisabethville huonyesha kabla ya mwaka 1966. Bei iliyotajwa kwa zaïre haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1967. Mtunzi Mkongo mwenye jina la ubatizo waziwazi huenda aliandika kabla ya mwaka 1972, Rais Mobutu alipoyapiga marufuku majina hayo; tena mtu mmoja huweza kuwa na majina mawili: padre Simon-Pierre Boka, aliyeutunga pamoja na Joseph Lutumba wimbo wa taifa "Debout Congolais", alijulikana pia kwa jina Boka di Mpasi Londi. Wimbo wenyewe uliwekwa kando zama za Zaire, ukarudi mwaka 1997.

Lakini Goma ina adui wa karatasi asiyepatikana katika miji mingi. Nyiragongo ni miongoni mwa milima ya moto inayotoa gesi ya kiberiti kwa wingi sana duniani. Gesi hiyo huingia katika karatasi, ikikutana na unyevu hugeuka asidi, na karatasi nyingi za zamani za mbao, ambazo tayari zina asidi yake, hukauka na kuvunjika kwenye mikunjo. Lava ya Januari 2002, iliyoteketeza hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ilionekana na kila mtu. Gesi hula pole pole na hakuna anayepiga kelele.

Kwa hiyo nawasihi waongozi wa korali: msizikunje karatasi hizo, wala msizibandike kwa skochi, ambayo gundi yake hugeuka rangi ya kahawia na kuharibu herufi, ondoeni pini zilizoshika kutu, zilazeni katika bahasha safi, ndani ya sanduku lililofungwa, mbali na sakafu. Kwa kalamu ya risasi andikeni nyuma jina la mtunzi, la aliyepanga sauti na la aliyewapa. Kisha zipigeni picha kwa simu pande zote mbili, na nakala moja ya picha hizo ikae nje ya Goma.