Mutoshi: Kasuku akinyamaza, usingoje kesho

KOLWEZI – Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ni ndege wa kelele. Anaiga mlio wa simu, pikipiki, hata sauti ya mama anayeita watoto. Siku anapokaa kimya, watu wa nyumbani hufikiri amechoka au amekasirika. Kumbe huenda ameugua siku kadhaa tayari.

Kasuku huficha ugonjwa. Porini, ndege anayeonekana dhaifu ndiye anayekamatwa kwanza na kipanga, basi hujikaza mpaka nguvu zimwishe. Ndiyo maana wengi husema ndege wao "alikufa ghafla", wakati dalili zilikuwepo.

Ya kwanza ni manyoya. Ndege aliyejivimbisha kama mpira na kusinzia mchana, miguu yote miwili juu ya kijiti, ana shida, maana mzima mara nyingi hulala kwa mguu mmoja. Ya pili ni pumzi: mkia ukipanda na kushuka kila anapovuta hewa, au akihema mdomo wazi, hiyo ni haraka ya saa hiyo hiyo. Halafu kuna choo, ambacho wengi hukifagia bila kukitazama. Choo cha kasuku mzima kina sehemu tatu: kinyesi cha kijani au kahawia, kitu cheupe, na maji kidogo. Kikigeuka kijani cha kung'aa, kikiwa maji matupu au kikiwa na damu, weka alama.

Uzito nao unasema. Kasuku wa kijivu mkubwa huwa na gramu 400 hadi 500 hivi. Mizani ya kupimia magunia ya madini haiwezi kuonyesha kwamba amepoteza gramu 30; inatakiwa ile ndogo ya jikoni. Asiye nayo apapase kifua: mfupa wa katikati ukichoma kidole kama kisu, ndege amekonda.

Mutoshi, mgodi wa zamani wa Gécamines uliokuwa ukiitwa Ruwe, uko katika eneo la vumbi, na wakati wa kiangazi vumbi hilo huingia kila nyumba. Mapafu ya ndege yanaungana na vifuko vya hewa mwilini, kwa hiyo hewa mbaya humpiga kabla ya mtu. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walilijua hilo: walishuka na ndege wadogo mgodini mpaka mwaka 1986, ili ndege akianguka wao wakimbie. Kasuku aliyetundikwa jikoni juu ya mbabula ya makala yuko katika hali ile ile. Sufuria isiyoshika chakula, ikiunguzwa tupu motoni, hutoa hewa inayoweza kumuua kwa dakika chache.

Tundu lenyewe linaweza kuwa sumu. Waya uliopakwa zinki, rangi za zamani, vipande vya betri vyenye risasi: kasuku hutafuna vyote. Sumu hiyo huleta kutapika, udhaifu na kutetemeka.

Kutetemeka kunaweza pia kutoka sahanini. Kasuku wa kijivu anayelishwa karanga na mbegu tu hukosa kalisi, na hupatwa na degedege. Karanga zenye ukungu ni mbaya zaidi, kwa kuwa ukungu huota ndani ya njia zake za hewa. Mpe papai, karoti, maboga, mboga za majani, ngazi, na ganda la yai lililochemshwa na kusagwa. Avoka, hapana kabisa: ni sumu kwake. Chokoleti, kahawa, pombe na vyakula vya chumvi nyingi pia visimfikie.

Kuna ugonjwa unaovuka kutoka kwa ndege kwenda kwa mtu: sitakozi. Bakteria yake hukaa katika kinyesi kikavu na vumbi la manyoya. Mtu hupata homa, kichwa kikali na kikohozi kikavu, na kwetu homa hudhaniwa haraka kuwa malaria. Mwambie munganga kwamba nyumbani kuna kasuku; akiijua mapema, ugonjwa hutibika kwa antibiotiki inayofaa. Tundu lisafishwe kwa kulilowesha kwanza, wala lisiwekwe wanapolala watoto.

Ndege akiugua, mtenge na wengine, mpeleke mahali pa joto la digrii 28 hadi 30, pasipo moshi wala kelele. Usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 Kolwezi una baridi ya kumaliza ndege mgonjwa. Maji yawe karibu. Usimwagie dawa ya watu mdomoni: kipimo cha mtu si cha ndege wa nusu kilo.

Kinachobaki ni veterineri. Hofu ya kuulizwa ndege alitoka wapi inaweza kuchelewesha safari hiyo, maana tangu mkutano wa CITES wa Johannesburg mwaka 2016, biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini imepigwa marufuku. Lakini ndege anayehema mdomo wazi hawezi kungoja hesabu hizo. Kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko umbali wa kilomita 300 hivi. Anayesafiri amweke ndege katika katoni yenye matundu na kitambaa chini, abebe choo cha asubuhi hiyo katika mfuko wa plastiki, na aandike kila alichokula wiki nzima.