Glavu za mvuvi wa trauti Mlima Kenya

Mgeni akisikia kwamba Nanyuki, mji unaopitiwa na mstari wa ikweta, ni mahali pa kutafuta glavu za baridi, hushangaa. Mvuvi wa trauti hashangai. Samaki huyu aliletwa: mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Scotland, yakatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare, na baadaye trauti wakasambazwa katika mito ya Mlima Kenya. Wamestawi humo kwa sababu maji ni baridi na yana oksijeni tele, na maji hayohayo ndiyo yanayotesa vidole vya mvuvi.

Kwenye mito ya Burguret na Liki, baridi ya asubuhi ya Julai inavumilika. Juu zaidi mambo hubadilika. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua takriban nyuzi 6, kwa hiyo Ziwa Rutundu, lililo karibu mita 3,100 kutoka usawa wa bahari, lina baridi ambayo mkazi wa Nanyuki, anayeishi karibu mita 1,950, hajaizoea. Ongeza upepo wa mlimani, kisha ongeza maji.

Maji ndiyo kiini cha mambo. Hunyonya joto la mwili kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa, na anayevua kwa inzi wa bandia hawezi kuyakwepa. Mtazame anavyofanya kazi: mkono wa kulia umeshika ufito, wa kushoto unavuta mshipi kidogo kidogo, na kila mvuto unaleta maji yanayochuruzika kwenye kiganja. Ndiyo maana mkono wa kushoto hufa ganzi kwanza. Ukiwa na pesa ya glavu moja nzuri tu, uutazame mkono huo. Anayetumia mashoto ageuze hesabu.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kutafuta glavu isiyopitisha maji hata tone. Glavu ya mpira huzuia maji ya nje, lakini jasho hubaki ndani, na ukishazamisha mkono kumnyanyua samaki, maji huingilia kifundoni na kukaa humo. Inayokufaa ni glavu inayotunza joto hata ikilowa. Hapo kuna mbili za kuaminika. Ya kwanza ni neopreni, kitambaa cha mavazi ya wapiga mbizi, chenye viputo vya gesi ndani yake. Unene wa milimita 2 au 3 unatosha, zaidi ya hapo vidole havikunjiki. Ya pili ni sufu ya kondoo, ambayo nyuzi zake hubakiza hewa hata zikiwa na maji. Pamba iache kabisa. Ikilowa hukauka polepole na kukupoza badala ya kukupasha moto.

Kwenye mitumba ya Nanyuki glavu za sufu zipo, zimechanganyika na za akriliki zinazofanana nazo kwa macho. Ukishainunua, chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti, mbali na glavu yenyewe. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Akriliki huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Kabla ya kununua, ivae na ukunje ngumi. Glavu ikibana vifundo, iache, kwani damu isipofika kwenye ncha za vidole hakuna kitambaa kitakachokuokoa.

Usifunike vidole vyote. Kumfunga inzi mdogo kwenye uzi mwembamba, kulowesha fundo kwa mate na kulikaza, kunahitaji ngozi tupu. Nakushauri ukate ncha za glavu kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, kisha uzishone pindo zisifumuke. Viwili vilivyobaki vifunikwe. Ukitaka kumrudisha trauti majini, vua glavu na uloweshe mkono kwanza. Glavu kavu, hasa ya sufu, humkwangua ute unaomkinga na magonjwa.

Vidole vikipauka na kupoteza hisia, acha kuvua. Viweke kwapani, usivisugue, na usivisogeze kwenye moto, kwa sababu kidole kilichokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Vikishapata joto, vaa glavu kavu. Hii ndiyo sababu ya kubeba jozi ya pili ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, pembeni ya leseni yako ya uvuvi.

Kwa hiyo kama bajeti yako inakulazimu kuchagua kati ya jozi moja ya bei kubwa na jozi mbili za sufu za mitumba, nunua hizo mbili.