Mbwa wa Nyumbani na Afya ya Wenye Maradhi Sugu

Katika kaya nyingi za Kata ya Nyamuswa, mbwa hulinda boma na kusindikiza mifugo malishoni. Hata hivyo, mate na kinyesi chake hubeba vimelea ambavyo mtu mwenye afya njema huvimudu, lakini huweza kumlemea mwenye kisukari, mgonjwa wa selimundu au anayeishi na VVU.

Kwa mgonjwa wa selimundu, wengu, kiungo kinachochuja bakteria katika damu, mara nyingi huharibika tangu utotoni. Bakteria wa kinywani mwa mbwa wakipenya jerahani, huweza kuenea mwilini haraka. Mwenye kisukari naye huweza kuwa na kidonda mguuni asichokihisi. Mbwa akikilamba, huweza kukichafua bila yeye kujua.

Si lazima mbwa afukuzwe. Mgonjwa afunike vidonda, anawe kwa sabuni kila amshikapo, na kinyesi kizolewe na mtu mwingine. Mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa afisa mifugo, na achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka.

Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Mweleze mhudumu maradhi uliyonayo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Chanjo ikiwahi, huokoa maisha.