Je, Wajua? Washenga Wasio na Ndoa Katika Carry On Loving

Je, wajua kwamba katika Carry On Loving, filamu ya vichekesho ya Uingereza ya mwaka 1970, wenye ofisi ya kuwatafutia watu wachumba wenyewe hawajaoana? Sidney Bliss na Sophie wanajitambulisha kwa wateja kama mume na mke walioshibana, kumbe wanaishi pamoja tu. Mganga hajigangi.

Je, wajua kwamba kompyuta yao ni ya uongo? Mteja anaambiwa kuwa mtambo ndio utakaompa chaguo lake, naye anausubiri kwa heshima zote. Nyuma ya ukuta yuko Sophie na kadi zake, akiamua kwa mkono nani apewe nani. Mzaha huu uliwagusa watu wa wakati ule mahali penyewe. Mwaka 1964 Joan Ball alianzisha London huduma ya kuunganisha wachumba kwa kompyuta, na mwaka 1966 ikaja Dateline. Tena biashara yenyewe ilikuwa ya zamani zaidi: ofisi ya ndoa ya Heather Jenner na Mary Oliver ilifunguliwa Bond Street mwaka 1939, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mshauri wa ndoa katika filamu hii, Percival Snooper, ni kapera! Anamwigiza Kenneth Williams, aliyecheza filamu 26 za Carry On, hakuna aliyemzidi.

Je, wajua vurugu za mapenzi zinaanzia wapi? Bertrum Muffet anakwenda kumwona mchumba aliyepangiwa na ofisi, anamkuta Sally, ambaye naye anamsubiri mpiga picha. Wanazungumza kwa adabu, kila mmoja akijibu swali ambalo hakuulizwa. Hapo ndipo ufundi wa mwandishi Talbot Rothwell unapoonekana: hakuna anayedanganya, na bado hakuna anayeelewa.

Filamu hii ni ya 20 katika mfululizo wa Carry On ulioanza mwaka 1958. Zote ziliongozwa na Gerald Thomas. Ilipigwa katika studio za Pinewood na mitaani Windsor, na karamu ya mwisho inaishia kwa wageni kurushiana chakula.

Je, wajua kwamba Sid James, aliyeigiza Sidney, alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1913? Alihamia Uingereza mwaka 1946, akawa miongoni mwa nyuso zilizopendwa zaidi nchini humo. Aprili 26, 1976, alianguka jukwaani Sunderland akiigiza katika mchezo wa The Mating Season, na akafariki usiku huohuo. Watazamaji walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Na Hattie Jacques je? Wengi wanamkumbuka kama mkuu wa wauguzi, kwa kuwa filamu za hospitali za mfululizo huu zilimvika sare hiyo tangu Carry On Nurse ya mwaka 1959. Hapa, kama Sophie, anapata nafasi pana zaidi. Ana wivu, ana hesabu zake, na anapomshuku Sidney anamkodi mpelelezi Bedsop, yaani Charles Hawtrey, amfuate kila aendako. Kwangu mimi, huyu mama ndiye anayeibeba filamu nzima.